Kwa Jajja, Kireka: kituo cha watoto ambacho humpigia baba simu kwanza

Kama unatafuta mahali pa kumwacha mtoto mchanga upande huu wa Kireka, Banda na Bweyogerere, mashariki mwa Kampala, na nyumbani kwenu mmekubaliana kwamba mtoto ni wa wote wawili hata siku za kazi, hapa ndipo ningekuelekeza kwanza. Binti yetu alianza kulelewa hapo alipotimiza miezi mitatu. Sasa anatembea akishika ukuta. Kituo kina kasoro, nitazitaja, na moja si ndogo. Lakini kina jambo ambalo hatukulikuta kwingine kokote tulikozunguka, Ntinda hadi Naalya: kinamhesabu baba kuwa mlezi.

Bango la jina hakuna. Watu husema tu "kwa Jajja", yaani kwa bibi, kwa Kiganda. Ni nyumba ya kawaida yenye geti la kijani, kwenye njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya Kireka kwenda Namugongo. Jajja mwenyewe ni mkunga mstaafu aliyekulia kambi ya jeshi Jinja, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi mtu wa Arua. Hilo lilitufurahisha, maana mke wangu ni Mhaya wa Bukoba na nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili.

Fomu ya kujiunga ni ukurasa mmoja. Baada ya majina na kadi ya chanjo kuna swali: mtoto akiugua mchana, apigiwe nani kwanza? Vituo vingine tulivyopita viliandika namba ya mama kabla hatujafungua mdomo, yangu wakaiweka kwenye mstari wa anayelipa. Jajja alishika kalamu akatutazama wote wawili, akasubiri.

"Mpigie baba yake," mke wangu akasema. "Mimi nikiwa darasani simu iko kwenye mkoba."

Jajja akanigeukia. "Ssebo, nikikupigia utakuja, au utampigia mama ili aje yeye?"

"Nitakuja, Jajja."

"Basi wiki ya kuzoea utakaa hapa wewe."

Wiki ya kuzoea ni sharti, na halina msamaha. Mzazi aliyeandikwa wa kwanza anakaa na mtoto kituoni asubuhi hadi mchana, ananyonyesha kwa chupa au kikombe, anabadilisha nepi, analaza, huku walezi wakitazama na kurekebisha. Mimi nilikaa kwenye mkeka pamoja na mama wawili na baba mmoja fundi wa magari. Pale ndipo nilipofundishwa kupasha maziwa kwa kuitumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto badala ya kuyaweka jikoni, kumcheulisha mtoto akiwa ameegemea bega bila kumpigapiga mgongo kwa nguvu, na kutambua kilio cha usingizi kabla hakijawa kelele. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenisifu kwa kufanya lililo langu. Nilichopenda zaidi ni kwamba walezi nao walijifunza kutoka kwangu: binti yetu hulala akiimbiwa kwa sauti nzito ya chini, na mpaka leo mlezi mmoja humwimbia vivyo hivyo.

Muda huo niliutoa wapi? Hili nataka kulieleza kwa urefu, kwa sababu bila kulieleza mtu atadhani kituo hiki ni cha kila baba wa Uganda, na sivyo.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na wiki zisizopungua 4 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Kifungu kinachofuata kinampa baba siku 4 za kazi, mara tu mke anapojifungua au mimba inapoharibika, nazo ni za mwaka mzima. Nne. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Siku zangu ziliisha akiwa bado hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, na mama mkwe alikuwa bado kwenye basi la kutoka Bukoba akipitia Mutukula. Nilirudi kazini huku nyumbani nimeacha mgonjwa na mtoto wa siku chache chini ya uangalizi wa jirani. Jirani huyo Mungu ambariki, lakini hakuwa ndiye aliyepaswa kuwa pale.

Halafu piga hesabu ya upande wa pili. Siku 60 za kazi kwa mtu wa siku tano kwa wiki ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya yetu wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Miezi mitatu inayobaki katikati hapo haina mwenyewe katika sheria. Mama ameitwa kazini, baba alisharudi zamani, mtoto bado anahitaji maziwa yale yale. Familia nyingi huliziba pengo hilo kwa bibi au kwa msichana wa kazi, na mara nyingi msichana huyo naye ni mtoto.

Mimi nilizitumia siku za likizo ya mwaka. Sheria hiyo hiyo inatoa siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, na nilikuwa nimezitunza tangu tulipojua kuwa mimba imetulia. Wiki ya kuzoea ilitoka humo. Mpakizi wa mizigo anayelipwa kwa siku hana cha kutunza, na hilo halinikai vizuri kila ninapokisifu kituo hiki.

Kwa kuwa nyumba yetu ina miguu nchi mbili, tumelinganisha. Tanzania mama hupata siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba siku 3, azichukue ndani ya siku 7 baada ya mtoto kuzaliwa. Kenya mama ana miezi 3 na baba wiki 2. Wiki 2 hizo ningezipokea kwa mikono miwili. Mbali zaidi, Norwe mwaka 1993 ilitenga wiki 4 za likizo ambazo ni za baba peke yake, asipozitumia zinapotea. Hapo kuna akili ambayo ningependa wabunge wetu waitazame. Likizo ikiwa ya wote wawili kwa maneno tu, mwajiri humwambia mwanamume kazi iendelee, mkeo atachukua. Ikiwa yake peke yake, mwajiri hana pa kumwelekeza. Jajja bila kusoma sheria ya Norwe amefanya vilevile katika wiki yake ya kuzoea: anaandika jina la mtu mmoja, na siwezi kumtuma mwingine.

Sasa huduma yenyewe.

Hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi nusu siku. Siku za kuelekea Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wakianza kujaa barabara ya Namugongo, Jajja hufungua mapema zaidi ili mzazi ampeleke mtoto kabla njia haijafungwa. Ukichelewa jioni unalipa shilingi 5,000 kwa kila nusu saa. Foleni ya Barabara ya Jinja wanaijua, lakini hawaikubali kuwa sababu, na nawaunga mkono: walezi nao wana watoto wa kwenda kuwapikia.

Walezi ni wanne. Vichanga wana chumba chao na mlezi wao. Mmoja wa walezi ana mtoto wake pale pale, bila malipo, na hunyonyesha katikati ya kazi bila kuomba ruhusa. Mahali panapomtendea hivyo mfanyakazi wake nina imani napo zaidi. Kila mtoto ana picha za watu wanaoruhusiwa kumchukua. Ukimtuma bodaboda anayekufahamu miaka kumi, harudi na mtoto.

Maziwa ndiyo kipimo changu kikubwa, kwa sababu hapo ndipo kazi ya baba na mama inapokutana. Mke wangu hukamua alfajiri kabla ya kutoka, na tena shuleni wakati wa mapumziko. Anafundisha Kiswahili sekondari upande wa Mukono, na tangu mtaala mpya wa 2020 ulipokifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, vipindi vyake vimejaa. Mimi ndiye mwosha chupa, mchemshaji, mbandika karatasi ya tarehe na saa, na mbebaji. Natoka nyumbani na kisanduku cha barafu mgongoni na mtoto kifuani. Kituoni kuna rafu ya friji yenye jina la kila mtoto. Kanuni zao zimebandikwa mlangoni: maziwa yaliyokaa nje yatumike ndani ya saa 4, ya kwenye friji ndani ya siku 4, na yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunywa hayangojewi jioni. Yakitolewa, ya zamani hutangulia. Nimewavizia saa zisizo za kawaida, mchana katikati, na sikukuta kanuni imevunjwa.

Kila kitu huandikwa kwenye daftari la shule, moja kwa kila mtoto: saa aliyonyonya na kiasi gani, nepi ngapi, alilala kuanzia lini, alilia kwa nini. Jioni anayekuja kuchukua ndiye anayesomewa. Kwingine nilipokwenda kuulizia, mlezi alianza sentensi kwa "mwambie mama yake". Hapa mlezi ananisomea mimi, ananiuliza mimi: upele huu shingoni mmeuona? Usiku alikohoa? Nalazimika kujua. Na kwa kuwa najua, tukifika nyumbani mke wangu hanipi maelekezo, tunashauriana. Sikutegemea kwamba daftari la shilingi elfu moja lingeigusa ndoa yetu kwa kiasi hicho.

Alipotimiza miezi sita wakaanza kumpa kitoobero: ndizi au viazi vilivyopondwa na maharage au unga wa karanga, mboga za majani, na mukene (dagaa) waliosagwa. Ni chakula ambacho wahudumu wa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale Mulago wamewafundisha wazazi kwa miaka mingi, na Jajja hutaka mzazi mmoja aje aone kinavyopikwa ili kipikwe vivyo hivyo nyumbani. Nilikwenda mimi. Jumapili napika mimi. Uji wao wa ulezi ni mwepesi mno kwa maoni yangu, na nimewaambia.

Kuhusu ile simu. Asubuhi moja nikiwa bandari kavu ya Nakawa, ninapofanya kazi ya uwakala wa forodha, Jajja alipiga: joto la mtoto limepanda, amekataa chupa mara mbili. Nilimkabidhi mwenzangu hati za lori lililokuwa limeingia kupitia Malaba, nikapanda boda. Nilimkuta amefutwa kwa kitambaa cha maji vuguvugu, daftari liko tayari na vipimo vya joto kwa saa zake, kadi ya chanjo juu yake. Jajja hakumpa dawa yoyote. Alisema apimwe malaria kwanza. Alipimwa, hakuwa na malaria, lilikuwa sikio. Pale zahanati mhudumu aliniuliza mama yuko wapi, nikamjibu yuko kazini, akaomba namba yake ili amuulize mtoto ana muda gani tangu aanze kuugua. Niliweka daftari mezani. Kila alichotaka kumuuliza mama kilikuwa kimeandikwa humo, na kisichoandikwa nilikuwa nakijua. Akaacha kuuliza namba. Mke wangu alimaliza vipindi vyake, akasikia habari yote jioni mtoto akiwa ameshalala. Akanikumbatia mlangoni, akauliza dawa ni saa ngapi usiku. Ya saa sita nilimwachia yeye, ya alfajiri nikachukua mimi.

Nakawa wamezoea sasa. Mwanzoni dereva mmoja wa Mombasa aliona kisanduku cha chupa miguuni pangu akaniuliza kwa huruma, "Shemeji mgonjwa?" Nikamwambia hapana, shemeji yako yuko kazini, na mimi leo ndiye wa mtoto. Akanyamaza kidogo, akasema wa kwake wa mwisho alimkuta ameshaota jino. Hakusema zaidi, na sikumuuliza. Tangu siku hiyo akipita hunisalimia kwa kumtaja binti yangu kwanza.

Kasoro ni hizi. Kubwa ni umeme. Friji ya maziwa haina akiba yoyote ya nguvu. Siku moja ulikatika tangu asubuhi na kurudi jioni, na maziwa yote ya siku mbili yakamwagwa. Walituambia wazi, hawakujaribu kumnywesha, na hilo nawasifu. Lakini mke wangu alipoona chupa tupu alilia, na alikuwa na haki: zile ni saa zake za usingizi. Jajja amenunua vipande vya barafu vya kuwekea akiba, na hiyo haitoshi kwa kituo chenye vichanga wanaotegemea rafu ile. Betri moja na paneli ya sola vinahitajika, na kama ada ikipanda kidogo kwa sababu hiyo nitalipa. Mpaka hapo, mzazi wa mtoto aliye chini ya miezi sita asiache pale zaidi ya maziwa ya siku moja. Sisi ndivyo tunavyofanya sasa.

Ya pili: meza ya kubadilishia nepi imewekwa ndani ya chumba cha kunyonyeshea. Mama akiwa ndani ananyonyesha, baba hawezi kuingia, na ni sawa kabisa asiingie. Matokeo yake akina baba tunabadilisha watoto wetu kwenye mkeka barazani, upepo unapiga vumbi la njiani. Kituo kilichofikiri vizuri kiasi hiki kuhusu baba kingepaswa kuliona hili. Pazia na meza ya pili havigharimu fedha nyingi. Jajja ameahidi akishaezeka baraza ya nyuma meza itahamia huko. Baraza bado haijaezekwa.

Mikutano ya wazazi nayo huitwa Jumatano asubuhi. Nani ataruhusiwa kutoka kazini Jumatano asubuhi? Huja mama wasio na ajira ya ofisini na mzee mmoja anayemlea mjukuu, na maamuzi hupitishwa bila sisi wengine. Jumamosi mchana ingetufaa wote.

Ada ni shilingi 180,000 kwa mwezi, uji na chakula cha mchana vikiwemo. Pampasi na maziwa unaleta mwenyewe. Kwa jirani zetu wengi msichana wa kazi wa kulala ndani hulipwa pungufu ya hapo, na wameniambia waziwazi kwamba tunatupa pesa. Mimi sioni hivyo. Pesa hiyo tunaigawana, nusu mshahara wangu na nusu wake, kwa sababu tulikataa kuihesabu ada ya mtoto kuwa gharama ya mama kufanya kazi. Wengi hupiga hesabu hivyo: mshahara wa mke toa ada ya kituo, kilichobaki ni kidogo, basi akae nyumbani. Mbona hakuna anayeitoa kwenye mshahara wa mume? Mimi pia nisingeweza kwenda Nakawa kama mtoto hana wa kumlea.

Nafasi za vichanga ni chache na hazikai wazi. Nyingi hupatikana Desemba na Januari, kabla mwaka wa shule haujaanza Februari, wale wakubwa wanapohamia chekechea. Nendeni wote wawili mimba ikiwa bado, mtaandikwa kwenye orodha bila malipo. Siku ya kuanza utalipa ada ya mwezi mmoja na shilingi 50,000 za kujiunga ambazo hazirudishwi. Beba kadi ya chanjo, nguo za kubadilisha pea tatu na shuka mbili. Na wewe utakayeandikwa wa kwanza, omba ruhusa kazini mapema kwa ajili ya wiki ya kuzoea, kwa maandishi.